Kriki ya gari la porini: inabebwa wapi, inafungwa namna gani



Mwaka nilipomaliza lisansi, nilienda kufanya teste ya kazi ya lojistisia katika shirika moja hapa Bukavu. Tulikuwa watu mingi ndani ya ile sale, kila mutu na memwari yake bado ya moto kichwani. Nilingojea maswali juu ya bajeti, juu ya stoki, juu ya ripoti. Swali la 7 lilikuwa hivi: « Kriki ya gari 4x4 inabebwa wapi na inafungwa namna gani? Toa sababu. » Watu walianza kucheka pole pole. Mimi niliandika mistari mbili tu: kriki inawekwa chini ya kiti, juu wezi hawataiona. Ile kazi sikuipata.

Kazi nilipata kwingine, kisha miezi mingi, na njo huko nilielewa kwamba lile swali halikuwa la kucheka. Wengi wenu muko mnaingia staji, wengine mmeshapata kontra za miezi 3 au 6 katika mashirika. Siku moja mutapewa gari, shofere na karatasi ya misioni ya kusaini. Ukisha kusaini, kila kitu kilicho ndani ya ile gari ni chako, hata kile ambacho prof hakukufundisha.

Niwaelezee kwanza siku yenyewe.

Tulitoka Bukavu asubui, njia ya Mwenga, kwenda upande wa Kamituga. Ilikuwa mwezi wa 11, mvua kila siku. Gari ilikuwa Land Cruiser pikapu, ile ngumu ya kazi, na nyuma tulipakia makartoni ya dawa pamoja na glasieri 2 za chanjo za watoto. Saa za mchana tukafika mahali ambapo malori yalikuwa yamechimba njia mpaka ikawa sawa mitaro miwili. Shofere, papa mmoja mwenye miaka mingi ya kazi, alijaribu kupita juu juu, gurudumu moja kwenye kila ukingo. Ukingo wa kuume ukaanguka. Gari ikalala upande, tumbo likakaa juu ya udongo, magurudumu mawili yakawa yanazunguka bure.

Kwa hali kama ile, kriki ndefu njo dawa. Unainua gari, unajaza mawe na miti chini ya gurudumu, unashusha, unatoka. Kriki tulikuwa nayo. Ilikuwa juu ya galeri, imefungwa kwa mnyororo na kufuli kubwa.

« Shefu, funguo iko wapi? » papa akaniuliza.

« Papa, mi nilizani iko na wewe. »

Funguo ilikuwa Bukavu, katika tiroari ya shefu wa garaji. Tulilala pale. Asubui shofere wa lori moja alitusaidia kuvunja kufuli kwa tindo na nyundo. Tukashusha kriki, tukaisimamisha, papa akasukuma mkono: hakuna kitu. Moyo wa kriki ulikuwa umekwama, kutu na vumbi la miezi yote vimeshikana na maji ya mvua. Tuliumwagia mazutu, tukagonga-gonga, tukangoja, tukamwagia tena. Tulitoka pale saa nane ya mchana. Tulipofika kwenye kituo cha afya, kesho yake, muuguzi alifungua glasieri, barafu ilikuwa maji ya vuguvugu. Akatazama kile kialama kidogo kilicho juu ya kila chupa ya chanjo, ile kari ya katikati ambayo inageuka nyeusi pole pole kadiri joto linavyoingia. Akatikisa kichwa. Wamama walikuwa tayari wamekaa inje na watoto mgongoni, wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri. Ni yeye aliyetoka kuwaambia warudie nyumbani, mimi nilibaki ndani.

Kriki ilikuwepo, gari ilikuwa nzima, shofere alikuwa mwenye akili. Kilichotuharibia ni namna kriki ilivyobebwa. Basi tuongee juu ya hiyo.

Tuelewane kwanza juu ya chombo chenyewe. Magari mengi yanatoka kiwandani na kriki yake fupi, ya kukaza kwa kuzungusha ao ya mafuta, ile inafanana na chupa. Hiyo ni nzuri kwa kubadilisha gurudumu kwenye udongo mgumu: inakaa chini ya eksi, karibu na gurudumu, na haiyumbi sana. Musiidharau. Papa wetu alikuwa anasema kwamba kijana anayekimbilia kriki ndefu kwa ajili ya pansha ya kawaida anatafuta kidonda. Lakini katika matope ile fupi inazama, tena utaingizaje mkono chini ya eksi wakati tumbo la gari limelala juu ya udongo?

Hapo njo kriki ndefu inaingia. Watu wengi wanaiita Hi-Lift, hata kama ni kopi. Hi-Lift ni jina la kampuni ya Bloomfield, jimbo la Indiana kule Marekani, ambayo inaitengeneza tangu 1905, na kule wakulima wanaijua kama kriki ya shamba. Iko na vipimo mbalimbali: sentimita 91, 107, 122 na 152. Ile ya 122 njo utaiona mara nyingi. Uzito wake ni kama kilo 13, na kiwanda kinasema inaweza kuinua kilo 2.100 na kidogo. Kumbuka hizo kilo 13, tutazirudilia.

Sasa tazama inavyofanya kazi, juu bila kuelewa hapo hautaelewa kwa nini mahali pa kuifunga ni jambo. Kuko chuma kimoja kirefu chenye matundu kutoka chini mpaka juu. Juu ya kile chuma kunatembea moyo wa kriki, na ndani ya moyo muko pini 2, kila moja na resori yake ndogo. Ukisukuma mkono chini, pini moja inabeba uzito wote, ile ingine inaruka na kuingia katika tundu la juu. Ukirudisha mkono, zinabadilishana. Hivi kriki inapanda chuma sawa mutu anayepanda ngazi: mguu mmoja unabeba, mwingine unatafuta kipandio. Kando kuko kiwashio kidogo cha kuchagua kupanda ao kushuka.

Kila kitu kinategemea zile resori mbili ndogo. Chembe za mchanga zikiingia pale, ao kutu, pini haitoki tena ndani ya tundu, ao inatoka nusu. Kutotoka kabisa ni hasara ya muda, sawa kwetu. Kutoka nusu ni hatari, maana gari inaweza kuonekana imeinuka vizuri kumbe imeshikwa na ncha ya pini tu.

Kwa hiyo mahali pazuri pa kufunga kriki panapaswa kujibu mambo ambayo yanapingana. Unataka iwe mbali na matope na vumbi, lakini unataka uifikie haraka. Unataka ifungwe kwa nguvu isiruke, lakini uweze kuifungua usiku, mvua ikinyesha, mikono ikiwa na udongo. Unataka mwizi asiichukue, lakini unataka mutu yeyote wa gari aweze kuichukua. Hakuna mahali pamoja panapojibu yote. Ni kuchagua ni matata gani unaweza kuvumilia.

Juu ya galeri njo watu wengi wanaweka. Ni kweli, matope ya magurudumu hayafiki kule. Mvua inafika. Jua pia. Tena fikiria gari imelala upande: mutu anapaswa kupanda juu ya kitu kinachoteleza, afungue kilo 13 za chuma, azishushe bila kumponda mwenzake aliye chini. Na kuko jambo la uzito wa juu. Kilo 13 peke yake si kitu, lakini galeri ya shirika haibebi kriki peke yake: iko gurudumu la akiba, mara nyingi 2, bido za mazutu, shoka, majembe, wakati mwingine na mbuzi ambaye mkubwa fulani amenunua njiani. Kila kilo inayopanda juu inafanya gari ipende kuanguka upande, na kwenye miinuko ya kwetu gari inatembea kwa upande kila siku. Manieli ya gari inaandika uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba. Ni ukurasa mmoja tu, usome.

Kuko wanaoifunga mbele, kwenye parashoki ya chuma ao nyuma ya ile mirija ya kuzuia ngombe. Inaonekana vizuri kwenye picha, ni ya ushujaa sana. Lakini mbele njo mahali gari inaingilia kwenye maji na matope. Ukiingia ndani ya shimo pua mbele, kriki yako imezikwa na gari yako, sawa mutu aliyefungia funguo ndani ya nyumba. Tena inaweza kufunika radiateri, na magari yetu mengi yako tayari na antena ya redio pale pale. Na mutu ukimgonga barabarani, hata pole pole, atakutana na chuma badala ya bati. Ku vijiji vyetu watoto wanachezea barabarani. Mimi ile ya mbele sikubali.

Juu ya kapo ao kando ya kapo ni karibu sawa: inakatisha macho ya shofere, na kila mara unataka kuangalia mafuta ya moteri unaanza kupigana na kriki. Tupite.

Mlango wa nyuma, kando ya gurudumu la akiba. Hapa niwaombe mkumbuke ile somo ya fizika ya momenti, nguvu mara urefu wa mkono. Bawaba za mlango, zile tunaita sharnieri, zinabeba tayari mlango na gurudumu. Ukiongeza kilo 13, na ukizifunga mbali na bawaba, ile mbali inazidisha mzigo. Tena gari haisimami kimya. Kama inapiga shimo na mlango unarushwa kwa nguvu ya mara 3 ya uzito wake, zile kilo 13 kwa dakika ile ni sawa kilo 39, na shimo moja linafuata ingine siku mzima. Baada ya miezi utaona bati limepasuka karibu na bulo, kisha mlango haufungi vizuri, kisha vumbi linaingia ndani. Na vumbi, kama umeshapanda nyuma ya gari kipindi cha kiangazi, unajua: nyuma njo linavutwa kuliko pengine popote. Kama gari yako iko na kibebeo cha gurudumu kilichofungwa kwenye shasi ao kwenye parashoki ya nyuma, si kwenye mlango, hapo sawa, kriki inaweza kukaa pale, lakini moyo wake ufunikwe.

Ndani ya gari. Hapa nikae kidogo, juu njo mahali nilipokuwa nimejibu kwenye teste, na njo mahali watu wanaua wenzao bila kujua. Ndani ni pakavu, ni safi, mwizi haoni. Kama kriki imefungwa kwenye sakafu ao ukuta kwa bulo, ni mahali pazuri sana. Lakini mara nyingi inatupwa tu kati ya viti ao nyuma ya kiti cha mwisho. Chukua kalkileta. Gari inaenda kilometa 50 kwa saa, maana yake karibu mita 14 kwa sekunde. Gari ikigonga ukuta ikasimama, kriki haina habari kwamba gari imesimama. Inaendelea mbele na ile mbio yote. Chuma cha kilo 13 chenye mbio hiyo kina nguvu sawa na kama umekiachilia kutoka urefu wa mita 10 hivi, ni kusema kutoka juu ya nyumba ya etaji 3. Mbele yake kuko shingo ya nani? Ya wewe mwenye kusaini misioni. Si lazima hata ajali: gari ikibingirika pole kwenye mtaro, vitu visivyofungwa njo vinavunja watu vichwa. Basi, kama ni ndani, ifungwe kwa bulo, chini, na si kwa kamba ya nilo wala ule mpira wa kufungia mizigo juu ya moto.

Kwa pikapu kama yetu, mahali tulipochagua mwishoni ni ndani ya kasha la nyuma, kwenye ukuta ule unaotazama kabini, kriki ikilala usawa. Pale eksi zote mbili zinagawana uzito, matope ya magurudumu hayafiki, kriki haiko juu sana, na kabini inasimama kati yake na watu. Unaifikia ukisimama chini, hata gari ikilala upande. Ubaya wake ni kwamba mizigo inaifunika. Basi tulikata kanuni: mtu asipange karto mbele ya kriki. Kanuni hiyo ilivunjwa wiki ya kwanza, na mimi njo niliivunja, lakini tuliirudisha.

Kufunga kwenyewe si sayansi kubwa, ila fundi akiachwa peke yake atachomelea vyuma viwili na kwenda zake. Musiache. Chuma cha kriki kina matundu tayari, njo matundu ya kupitishia bulo. Chagua mawili yaliyo mbali, moja karibu na mwisho huu, lingine karibu na mwisho ule. Ukifunga katikati tu, ile miisho itakuwa inapiga sawa mabawa kila shimo, na bulo italegea ao bati litapasuka. Usipitishe bulo katika bati tupu. Bati la kasha ni jembamba, bulo itaula mlango wake pole pole mpaka tundu liwe sawa ya yai. Nyuma ya bati weka kipande cha chuma kinene, ao angalau rondeli kubwa, ili mzigo ugawanyike. Kati ya chuma na chuma weka mpira: kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la lori ni bure na kinatosha. Mpira huo unazuia makelele, na makelele si jambo la masikio tu. Chuma kinachopiga kelele ni chuma kinachotembea, na kinachotembea kinakula bulo.

Juu ya ekru: iwe ya kipimo ambacho kle ya magurudumu inaweza kufungua, ao iwe ile yenye mabawa ya kushika na vidole. Usiweke kipimo cha tatu ambacho kle yake inabaki garaji. Kama ni ya mabawa, ongeza ekru ya pili juu yake ili mtikisiko usizilegeze. Mkono wa kriki pia ufungwe, ubanwe kwenye chuma chake kwa ukanda wa mpira, vinginevyo utaimba njia yote mpaka kichwa kiume. Kiwashio kiachwe upande wa kupanda. Na moyo wa kriki ugeuzwe utazame ukuta, kisha ufunikwe na kifuko cha plastiki nzito ao turubai. Kile kifuko kiwe kinafunguka chini, juu kikifungwa kabisa kinahifadhi maji kuliko kuyazuia, na utakuta kutu imekua ndani sawa uyoga.

Kufuli? Weka kama ni lazima. Kwetu, ukiacha gari usiku mbele ya nyumba ya wageni bila kufuli, asubui utaenda kununua kriki yako mwenyewe sokoni. Lakini funguo ya kufuli ikae kwenye pete moja na funguo ya kuwashia gari. Moteri haiwezi kuwaka bila ile pete, basi funguo haiwezi kubaki tiroari. Nilitumia usiku mzima ndani ya matope kwa kujifunza sentensi hiyo moja.

Pamoja na kriki ubebe ubao. Chini yake kriki ndefu ina kikanyagio kidogo sana, na uzito wa gari ukipita pale kwenye udongo laini, gari haiinuki, ni kriki inayoshuka. Ubao mgumu wa sentimita 40 kwa 40 hivi, mnene, unagawanya ule uzito. Nao ufungwe: papa wetu aliutoboa katikati na kuupitishia bulo ile ile ya kriki, hivi ukitoa kimoja lazima utoe na kingine. Sijaona lojistisia mwenye diplome aliyefikiria hivyo.

Kisha kuko swali ambalo watu wananunua kriki bila kujiuliza: utainulia wapi? Kriki ndefu inashika gari kwenye parashoki ya chuma ngumu, ao mahali palipotayarishwa kwenye shasi. Magari mengi ya leo yako na parashoki za plastiki, ukiingiza ulimi wa kriki pale, utainua plastiki peke yake. Kabla ya kutoka muji, zunguka gari na shofere, muonyeshane: hapa ndiyo, hapa hapana. Kama hakuna mahali, kuko kifaa cha minyororo ao ndoana ambacho kinashika gurudumu lenyewe na kuliinua. Ni kizuri kwa matope, maana ukiinua gari kwa parashoki, resori za gari zinajinyoosha kwanza na gurudumu linabaki limekaa ndani ya shimo huku kriki imeshapanda nusu ya chuma. Ukishika gurudumu, ni gurudumu linalotoka. Bila mahali pa kuinulia na bila hicho kifaa, kriki ndefu ni mapambo ya kilo 13.

Mnaona sijaongea bado juu ya kuitumia. Haiko somo la leo, lakini siwezi kunyamaza, juu nilimuona kijana mmoja, msaidizi wa shofere kwenye gari ya wenzetu, akipoteza meno 4 na kuvunjika taya. Alikuwa anashusha gari. Wakati wa kupandisha, ni wewe unayesukuma uzito. Wakati wa kushusha, ni uzito unaokusukuma wewe: kila mara pini zinapobadilishana, gari inarusha mkono wa kriki juu kwa nguvu. Yeye alikuwa na mikono yenye mafuta, na alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mkono wa kriki aone kama pini zinaingia. Mkono ulimtoka, ukaruka, ukampiga chini ya kidevu. Akaanguka nyuma, na ile kriki ikaendelea kushuka yenyewe, mkono wake ukipanda na kushuka sawa mashine iliyorukwa na akili, mpaka gari ikakaa chini. Hakuna aliyeweza kuikaribia.

Kwa hiyo: mkono wa kriki usimame kabisa, ukiwa umelala kwenye chuma, kabla ya kugusa kiwashio. Mikono ikauke. Kichwa na mwili visikae kamwe katika ile nafasi ambayo mkono unapita. Shika kwa mikono miwili, usiachie katikati. Magurudumu mengine yawekewe mawe, freni ya mkono ivutwe, watu washuke ndani ya gari. Na mutu asiingie chini ya gari iliyoshikwa na kriki ndefu peke yake, hata kwa sekunde moja kuokota tochi. Ile kriki inasimama kwa mguu mmoja, gari ikiyumba kwa upande inaanguka nayo.

Kuko tena bulo moja juu ya kriki za kweli ambayo imefanywa laini makusudi, ili ikatike yenyewe kama uzito umezidi, kabla kriki yenyewe haijapasuka. Mafundi wetu wakiiona imekatika wanasema kiwanda kimeweka bulo mbaya, wanaweka ngumu zaidi. Wanatoa fyuzi na kuweka msumari. Kama wewe njo unasimamia gari, ukatae, uitishe bulo yenyewe.

Uangalizi ni kazi ya dakika 10. Toa kriki, piga moyo wake na brosi, uoshe kwa mazutu ao petroli kidogo, uache ikauke, kisha tia mafuta mepesi kwenye pini na resori. Si grisi. Grisi inakamata vumbi na kufanya kitu sawa sima nyeusi, na mafundi wengi wanapaka grisi kwa moyo mwema kabisa. Kisha pandisha moyo kwa mkono mpaka juu, usikilize: kila tundu linapaswa kutoa mlio mmoja safi. Ukishusha kriki bila mzigo, usishangae ikianguka yenyewe mpaka chini. Inahitaji uzito kidogo ili ishuke tundu kwa tundu, basi ondoa vidole.

Sisi tulifanya hiyo kila siku ya kwanza, kabla ya mkutano wa asubui. Siku ya kwanza kabisa, kisha fundi kumaliza kufunga vyuma vyetu vipya, papa alinipeleka nyuma ya gari, akanifunga macho na kitambaa na kuniambia: « Sasa, mwanangu, ni usiku, kunanyesha. Toa kriki. » Nilichukua dakika 6. Akarudilisha ekru zote, akazikaza, akaniambia nianze tena.